Magadi Ukutani

Nitawasimulia, lakini mcheke kwa zamu, maana kila nikianza kisa hiki kuna mtu ananikatiza katikati kwa kicheko, na mimi nikishakatizwa nanuna (mnanijua), halafu siifikii ile sehemu ninayotaka hasa muisikie, ambayo iko mwishoni. Aibu yenyewe si ya siri. Hirbadaw nzima waliiona, na mpaka leo ukifika pale ukamuulizia mwalimu aliyelambwa nyumba, watu wazima watakuonyesha mahali iliposimama. Ndiyo, mmesikia sawa, nyumba. Nyumba yangu ililambwa na ng'ombe mchana kweupe, mbele ya mama yangu mzazi, mbele ya mwalimu mkuu na kwaya ya kigango, na kosa lilikuwa langu mwenyewe, hakuna wa kumsingizia, nimejaribu sana na sijampata.

Wakati huo mkoa wa Manyara ulikuwa haujazaliwa, Hanang tulihesabiwa bado watu wa Arusha, na mimi nilikuwa mwalimu mgeni, binti wa Newala, kusini kabisa kwenye mihogo na mikorosho, niliyemaliza chuo nikapangiwa huku kwenye upepo wa mlimani unaoingia mpaka kwenye soksi. Kwenda kwetu siku zile ilikuwa safari ya kulala njiani si mara moja, na mvua zikikaza Rufiji inafurika, barabara inafungwa, kwenu kunabaki kuwa mahali pa kuota tu. Baba alipofariki nilipata telegramu, nikafunga safari siku hiyohiyo, nikakwama mtoni na malori, na nilipofika nyumbani matanga yalikuwa yameshaanuliwa. Nilimkuta Mama amekaa kibarazani peke yake, anachambua choroko. Hakunilaumu hata kidogo, alinipisha tu nikae, na tangu siku ile nikawa na shauku moja ambayo sikumwambia mtu, kwamba Mama aje akae na mimi. Kaka yangu yuko Dar na mambo yake, na mimi nilikuwa sijaolewa, nina vyumba viwili na sebule, na jioni zangu zote nilikuwa naongea na jogoo.

Kilichonifanya nisichanganyikiwe ni mnada. Mnada ulikuwa wa mwezi kwa mwezi, Katesh, na biashara ya bidhaa za nje ilikuwa imeshafunguliwa, mitumba imemwagwa chini kwenye maturubai, vikombe vya maua, mapazia ya lesi, masufuria yenye mifuniko inayofunga kweli, vitu ambavyo utotoni mwetu tuliviona kwa padri tu. Nilikuwa na mashoga wawili, Halima nesi wa zahanati, mtu wa Kondoa, mwenye ulimi usiojua kuremba, na Mama Tluway, mwenyeji kabisa, Mwiraki, fundi cherehani, mtaratibu kiasi kwamba ukimuuliza jambo asubuhi anakujibu baada ya chai ya saa nne. Tulikuwa na mchezo wetu, tuliuita kitu cha mwezi. Kila mmoja akitoka mnadani anakuja na vitu vitatu, cha nyumba, cha tumbo na cha moyo, tunakutana Jumapili mchana kwangu, tunaonyeshana. Cha nyumba mnaelewa, na cha tumbo mnaelewa. Cha moyo hakinunuliwi, ni jambo uliloliona au ulilolisikia likakufanya utembee vizuri siku nzima. Halima siku moja alileta hiki: mama mzee alinunua kioo kidogo cha mkononi, akajitazama, akacheka peke yake, akakirudisha kwenye gunia, akakitoa tena. Basi. Tulikaa na kioo cha yule mama mwezi mzima.

Mimi kwenye cha tumbo nilikuwa naaibisha kundi, maana wenzangu wanaleta asali, maziwa ya mgando, maharage mazuri ya Endagikot, mimi kila mwezi natafuta kwetu. Nilizunguka mnada mzima kutafuta muhogo mkavu. Ming'oko ndiyo usiseme, vile viazi pori vyetu vyembamba, nilikuwa nawaeleza wauzaji kwa mikono na wananitazama kwa huruma. Mara moja nilipata korosho kwa mchuuzi mmoja, zimekaa sana, zimechacha mpaka zinanuka mafuta ya taa, na nilizila zote njiani juu ya lori, mbovu vilevile, na machozi yananitoka, nikamwambia Halima ni vumbi.

Sasa ndipo ikaja barua ya Mama. Aliandikiwa na mtoto wa jirani, lakini maneno ni yake, nilimsikia kabisa. "Nakuja kuona unapoishi. Nikikuta nyumba ya mtu, roho yangu itatulia. Nikikuta mahali pa kutunzia mizigo, nakurudisha kwetu, uombe uhamisho."

Hapo inabidi niseme ukweli wangu. Kwetu Mama ni mtu wa nyumba nyeupe. Kila mwaka baada ya mavuno anapaka kuta udongo mweupe, chini anazungusha mstari mweusi wa mkaa, na katikati anachora kwa vidole, mawimbi na vimacho, nyumba inaonekana tangu barabarani. Na mimi katika barua zangu zote nilikuwa nimemwandikia kwamba nyumba yangu nayo ni nyeupe vilevile. Sijui kwa nini niliandika. Nadhani nilitaka tuwe na kitu kinachofanana. Nyumba yenyewe ya shule ilikuwa ya matofali ya tope yaliyokandikwa tope, rangi ya mbwa, na upande wa jikoni watoto wa mwalimu aliyenitangulia walikuwa wamechora magari kwa mkaa.

Nikamwambia Mama Tluway nataka udongo mweupe. Akafikiri, akanywa chai, akasema, "Upo. Bondeni, siyo mbali. Lakini naenda Bashay msibani kwa shangazi, nisubiri nikirudi nikupeleke." Nisubiri. Mama yangu yuko njiani na mimi nisubiri. Uamuzi mdogo tu, na ndio huo ulionitia kwenye midomo ya watu: sikusubiri.

Nilikwenda mnadani peke yangu (Halima alikuwa na zamu), na kule mwisho, upande wa mifugo, ambako sisi wa mapazia huwa hatufiki, nikamwona mzee wa Kibarbaigi amejifunga mgolole wake, amekaa nyuma ya magunia yaliyofunguliwa midomo, na ndani ya magunia kuna udongo mweupe. Tena mweupe wa kumetameta. Jua lilikuwa linauchezea. Nikasema, wa bondeni wa nini, mweupe ni huu hapa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ng'ombe wako wangapi?"

Sasa jamani, Hanang kumuuliza mtu ng'ombe ni sehemu ya salamu, kama kwetu unavyoulizwa mihogo, kila siku naulizwa na wazazi wa wanafunzi na huwa nasema sina. Lakini siku hiyo sijui nini kilinipata. Mama anakuja, nimevaa gauni langu la kitenge, najiona mtu mwenye nyumba. Nikasema, "Hawapungui ishirini, mzee." Mimi, ambaye mifugo yangu yote ilikuwa inaamka alfajiri na kuwika. Mzee akanitazama kwa heshima kubwa, akasema basi debe halitakutosha, chukua gunia zima, akaniuliza ninapokaa nikamwambia Hirbadaw, karibu na shule, akasema anapajua, huwa anapitisha mifugo pale kwenda kuinywesha lamboni. Jina lake Mzee Gidamis. Niliona ni mtu mwema anayejali wateja.

Nilikoroga na uji mwepesi ili ushike, nikapaka nje, nikapaka ndani, nikapaka mpaka kizingiti. Mikono iliniwasha ikapasuka, nikasema ndiyo kazi. Mbuzi wa Halima alikuja akaanza kulamba ndoo, akailamba mpaka ikabingirika, akaifuata inakobingirika, na mimi nilisimama pale na elimu yangu ya chuo cha ualimu nikacheka, nikasema tazama, hata mbuzi anakijua kitu kizuri. Ilipokauka, nyumba iliwaka. Nikatundika pazia langu la lesi, kitu cha mwezi uliopita, nikapanga vikombe, nikakaa kwenye kigoda nikaitazama, na moyo wangu ulikuwa umejaa mpaka unaniuma.

Mama alifika na lori la mahindi kutoka Katesh, mchana. Mwalimu mkuu alikuwa ameamua kumpokea kwa heshima zote, kwaya ya kigango imepanga mistari miwili, wali umeiva, Halima anasimamia nyama, na Mama Tluway ndiyo kwanza anarudi kutoka Bashay, ana mkoba begani. Mama akashuka. Alikuwa amepungua. Alisimama na kikapu chake mkononi, hakutazama kwaya, hakutazama mwalimu mkuu, aliitazama nyumba.

"Nyeupe," akasema.

Halafu akaja akanishika shavu kwa kiganja chake kilichokauka. Kama kisa kingeishia hapo ningekuwa sina cha kuwasimulia, na ningekuwa mtu mwenye furaha.

Mama Tluway alikuwa ameshafika ukutani. Nilimwona anapitisha kidole, anakipeleka mdomoni, anafikiri. Akanijia taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeko msibani bado. "Mwalimu. Hii umenunua wapi? Hii ni magadi ya Balangida, ya ziwani. Hii wanalambishwa ng'ombe." Na kabla sijamjibu, nikasikia kengele.

Mifugo ilikuwa inarudi kutoka lamboni. Mbele alikuwa ng'ombe mwekundu, pembe moja imevunjika, akasimama katikati ya njia, akainua pua. Wenzake nyuma wakasimama. Nakumbuka kwaya ilikuwa inaimba vizuri sana na kiongozi wao ameipa njia mgongo, hivyo yeye alikuwa wa mwisho kujua, aliendelea kupunga mikono huku waimbaji wake wanapungua mmoja mmoja. Yule mwekundu akaacha njia, akaja moja kwa moja, akaweka ulimi kwenye ukuta wangu wa mbele kuanzia chini mpaka alipofikia, na baada ya hapo sikuweza tena kuwatofautisha. Ulimi wa ng'ombe ukutani unasikika kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria ya harusi. Na walikuwa kundi zima.

Nilichukua fagio. Nawaambieni, ng'ombe aliyeonja magadi hasikii fagio. Mmoja aliingiza kichwa dirishani kulamba upande wa ndani, akakitoa na pazia langu la lesi limekaa kwenye pembe, akaanza kutembeatembea nalo kati ya wageni, ametulia, kama bibi harusi. Mwingine aliingia sebuleni kwa mlango, mwalimu mkuu akatokea mlango wa nyuma na sahani yake ya wali ameiinua juu ya kichwa. Halafu lile tope la ukutani likaanza kulainika kwa mate, likabanduka, tofali moja likatoka, la pili likalifuata, na pembeni mwa chumba changu pakafunguka tundu kubwa, na kwaya nzima ya kigango ikaona kitanda changu ambacho sikuwa nimekitandika, na ndoo yangu ya usiku.

Mzee Gidamis akatokea na fimbo yake, hana haraka. Ng'ombe walikuwa wake. Mimi nilitegemea aone aibu, awafukuze, aombe radhi. Wapi. Alikuwa na furaha, alifikiri ni ukarimu wangu, kwamba mwalimu amewaandalia mifugo ya wapita njia. Akanishukuru mbele ya watu wote kwa sauti ya kikao, kisha akatazama huku na huku akauliza, "Sasa Mwalimu, wale wako ishirini, umewalambisha saa ngapi?"

Mama akanigeukia.

"Skola, una ng'ombe?"

"Sina, Mama."

"Ana jogoo," akasema Halima.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama alikwenda mpaka kwenye tundu, akachungulia, akabandua kipande cha tope, akakivunja kwa vidole. Nilikuwa nasubiri aseme funga mizigo. Nilikuwa nayasikia maneno kabla hajayasema, na uhamisho nishauona, na kile chumba cha pili nilichomtandikia blanketi jipya nishakiona kitupu. Akapangusa mikono, akasema, "Nyumba ya mwanangu siwezi kuiacha hivi. Nikimaliza kuta, naondoka." Kisha akamgeukia Mama Tluway, akamuuliza udongo mweupe wa kweli unapatikana wapi.

Basi Mama akabaki. Wakawa wanashuka bondeni yeye na Mama Tluway, mmoja anaongea haraka na mwingine anafikiri, sijui walikuwa wanaelewanaje lakini walirudi na ndoo kichwani wanacheka. Mama alikuwa anakandika polepole, kwa kiganja, ukuta ukikauka anaupaka, anauchora kwa vidole, na wanawake wa pale wakaanza kuja kutazama, mwishowe wakaja na wao kuchora za kwao. Jioni nikitoka shule namkuta ana tope mpaka kwenye kiwiko, chai iko jikoni, na ananiambia habari za watu wa Newala, nani kaoa, nani kagombana na nani, na mimi nasahihisha madaftari na naomba mbele ya Mungu, kabisa, kwamba kuta zisiishe. Aliingia hata kwenye kitu cha mwezi. Alituletea cha tumbo, muhogo mkavu, alioubeba mwenyewe kutoka kwetu chini ya kikapu na kuuficha mpaka Jumapili ile. Cha moyo chake alisema, "Mimi nilikuwa nadhani huku hakuna mtu anayemwita mwanangu kwa jina. Nimesikia wanamwita." Halima akajifanya anatafuta kijiko.

Lakini kuta zina mwisho. Ulipobaki ule wa upande wa njia, nao umeshakandikwa, umeshapakwa nusu, nilikosa raha. Na chini ya kitanda changu lilikuwepo gunia, magadi yamebaki. Alhamisi jioni Mama alikwenda jumuiya kusali. Mimi nikakoroga.

Mnajua kilichotokea kesho yake. Yule mwekundu wa pembe moja alikuwa wa kwanza. Mama alitoka nje, akautazama ukuta wake ulivyokwanguliwa, akaugusa. Akasema, "Ng'ombe wa huku hawana adabu," akachukua ndoo akaenda bondeni.

Na mimi nikawa mteja wa Mzee Gidamis. Kila mnada, wenzangu wakienda kwenye mitumba, mimi nateleza upande wa mifugo. "Ng'ombe wako hawajambo?" ananiuliza, huku meno yote nje. Namjibu wanaongezeka, mzee. Mwezi ukuta wa njia, mwezi unaofuata ukuta wa jikoni, magadi kidogo tu, kiasi cha kuharibu kona moja, Alhamisi jioni, na kila mara Mama anagusa ukuta, anawasema ng'ombe, anachukua ndoo. Msiniulize kwa nini sikufungua mdomo nikasema Mama, kaa na mimi. Darasani nilikuwa nasikika mpaka barabarani. Lakini neno hilo nilishindwa, nilikuwa naliogopa, maana nikilisema anaweza kukataa, ukuta haukatai.

Kisha kipupwe kikaja na Mama akaanza kukohoa, magoti yakawa yanamsumbua kupanda kutoka bondeni. Halima ndiye aliyenipasulia. Alikuwa ameshajua siku nyingi, mtu gani mwingine Hirbadaw ananunua magadi akiwa na jogoo. Alinikalisha zahanati, kwenye benchi la wagonjwa, akasema, "Unamfinyangisha mama wa watu tope kwenye baridi hii kwa sababu wewe huwezi kusema neno moja. Una akili kweli wewe?" Nilirudi nyumbani nimejichukia, nikaamua, basi, sasa nitakuwa mtu mzima, kuta ziishe, Mama aamue mwenyewe bila mimi kumfanyia hila.

Mwezi ule mnadani sikwenda upande wa mifugo. Nilikaa kwenye maturubai asubuhi yote nikachambua mpaka nikapata sweta, la kijani, zito, lina vifungo vya mbao, halijachakaa hata mkono. Nilipomvisha Mama lilimkaa kana kwamba alipimwa. Mimi moyoni nikasema ameelewa, mtu hampi mwenzake sweta kama hilo kama hataki apitishe baridi hapa. Mama alilipapasa vifungo, akasema asante, mwanangu.

Ukuta ukakamilika. Alipiga mstari wa mkaa chini, akachora vimacho vyake. Nakumbuka jioni zile alikuwa anatoa kigoda nje, anakaa na sweta lake, anatazama njia. Mifugo inakuja kutoka lamboni, inafika mbele ya nyumba, yule mwekundu anainua pua, hasikii kitu, wanapita. Kesho tena anatoa kigoda. Nilidhani anapunga upepo.

Siku moja akaingia ndani akasema, "Basi, imekamilika. Niulizie gari." Na mimi, mimi mwenye mdomo huu mnaoujua, nikasema, "Sawa, Mama."

Nilimsindikiza Katesh. Ilikuwa siku ya mnada, watu wamejaa, nikamtafutia kiti cha dirishani, nikamweka kikapu mapajani, tukaagana, mara basi likawashwa. Ndipo akanishika mkono kupitia dirishani, akasema taratibu, kama mtu anayeulizia chumvi ya mboga, "Mwezi huu hukununua magadi."

Nikamwambia, "Mama, ulijua?"

"Mimi nimeanza kupaka kuta wewe hujazaliwa, Skola. Nilikuwa nayaonja kila mara. Nikasema, mwanangu bado ananitaka. Mwezi huu nikaonja, hamna. Nikaona na sweta la safari nimeshanunuliwa. Si vibaya, mama. Mtu huchoka."

Basi likaondoka. Nilikimbia. Mwalimu wa shule, gauni la kitenge, kiatu kimoja kimebaki nyuma, nakimbia katikati ya mnada wa Katesh nyuma ya basi, napita kwenye maturubai ya watu, nakanyaga vikombe vya watu, napiga kelele Mama kaa, Mama kaa, kaa, na mbuzi wa watu wanatawanyika, na wazazi wa wanafunzi wangu wamesimama pembeni wananitazama. Dereva alikuwa anawahi njia. Lilipokunja kona ya mwisho nikaona mkono wa sweta la kijani umetoka dirishani. Mzee Gidamis ndiye aliyenirudishia kiatu, na siku hiyo hakuniuliza ng'ombe.

Mama aliniandikia kwamba alisikia. Kwamba basi zima lilisikia, na kondakta alimuuliza bibi, ni wewe unayeitwa, akasema ndiyo, ni mimi. Alisema atarudi mvua zikiisha. Mvua zikaisha, magoti yakakataa, mwaka ukapita, kisha mwingine, mimi nikawa naenda mimi, likizo kwa likizo, njia ikifunguka, na nilikuwa namkuta kibarazani na lile sweta, Newala kwenye joto lile. Hakurudi tena Hirbadaw, na alipofariki nilikuwepo, hilo nashukuru.

Sasa nipo Babati, Manyara ni mkoa siku nyingi, nina nyumba ya tofali za simenti na rangi ya dukani ambayo hakuna mnyama anayeitamani. Mnada bado naenda, mapazia bado nanunua, na magadi nikiyaona napita mbali, niliapa siku ile na kiatu kimoja mkononi. Lakini kiapo changu hasa si hicho. Wanangu ni wakubwa, wanakaa mbali, wakija kunitembelea nawakuta wanashusha mabegi getini na kabla hawajaniamkia nawaambia kaeni, kaeni mwezi mzima, msiondoke. Wananicheka. "Mama, shikamoo kwanza, hata chai hatujanywa." Nawaambia marahaba, chai ipo, kaeni.